Kutembea Kando ya Muto: Raha ya Nani, Deni la Nani?

Kiswahili kina methali mbili juu ya kutembea, na moja inapinga nyingine. Ya kwanza inasema: Mtembezi hula miguu yake. Maana yake, mutu anayezunguka bila kazi hana kitu cha kula mwisho wa siku isipokuwa uchovu wa miguu yake mwenyewe. Ya pili inajibu: Mtembea bure si sawa na mkaa bure. Maana yake, yule anayetoka inje, hata bila sababu, anaweza kuokota kitu njiani. Yule anayekaa nyumbani hataokota hata kijiti. Wazee waliotuachia methali hizi hawakuchanganyikiwa. Walijua kama kutembea kunaweza kumuharibu mutu, na kunaweza pia kumujenga.

Lakini ukizitazama vizuri, ndugu musomaji, utaona kama zote mbili zinahesabu faida na hasara ya yule anayetembea tu. Moja inamwambia: utachoka bure. Nyingine inamwambia: utapata kitu. Hakuna hata moja inayouliza: na wale unaowapitia? Mama anayefua nguo kwenye jiwe, kijana anayetengeneza kikapu cha samaki, baba mwenye mutumbwi, hao wanapata nini na wanapoteza nini wakati wewe uko unatembea?

Hilo ndilo ulizo letu. Na ili tusilijibu kwa maneno ya hewani tu, tuchukue mufano mumoja mudogo: kupanga matembezi ya asubuhi moja mujini Kisangani, kwanza kwa miguu kando ya muto, halafu ndani ya mutumbwi kwenye maporomoko ya Wagenia. Ni jambo la raha, jambo la nusu siku. Wengine watasema kama halistahili kuandikiwa kurasa. Mimi naona kinyume. Kwenye kazi, mukubwa anatulazimisha. Kwenye matanga, jamaa inatulazimisha. Lakini kwenye raha hakuna anayetulazimisha, na ndiyo maana hapo desturi ya mutu inaonekana wazi.

1. Kutembea na kutembelea

Kwetu, ukifika kwa jirani na usimukute, mutoto anaweza kukujibu: "Mama hayuko, alienda kutembea." Hutafikiri kama mama alienda kuzungusha miguu barabarani. Utaelewa mara moja kama yuko kwa mutu: kwa dada yake, kwa mugonjwa, kwa rafiki aliyezaa. Katika Kiswahili chetu, kutembea ni kwenda kwa mutu. Na lugha yenyewe inaonyesha ule undugu: kati ya kutembea na kutembelea kuna silabi moja tu. Ukiitia, miguu inapata mwenyeji.

Neno "promenadi" lilikuja na shule na misioni. Siku ya Yenga, nyuma ya misa, wanafunzi walipangwa mustari, wakapelekwa kutembea na kurudishwa. Kwa wazee wengi jambo hilo lilikuwa geni kidogo. Muwindaji anaenda porini kwa nyama. Mama anaenda shambani kwa muhogo. Mutoto anaenda kule alikotumwa. Lakini mutu muzima anayekwenda mupaka ukingoni, anatazama mayi, halafu anarudi mikono mitupu? Watu watamuuliza kama amepoteza kitu. Na mupaka leo, kumwita mutu "wa kutembea-tembea" si kumusifu.

Tusikosee hapa. Haiko kusema kama wazee wetu hawakujua raha ya njia. Walikwenda kwa wajomba siku mbili za miguu, na njia yote ilikuwa nyimbo, masimulizi na kicheko. Walikwenda kwenye ngoma, kwenye arusi, kwenye kutoa mutoto inje. Raha ilikuwa njiani, lakini sababu ilikuwa kwa mutu. Kwa hiyo desturi haikatazi matembezi. Inauliza tu: unakwenda kwa nani? Na kwenye ukingo wa muto kama wa kwetu, ulizo hilo halina namna ya kuliepuka, kwa sababu hakuna sehemu ya ukingo isiyo na mutu.

2. Kupanga njia ni kuhesabu watu

Tupange sasa. Kundi letu tuliweke hivi: walimu wanne, watoto sita, koko mumoja mwenye goti bovu, na mugeni aliyetoka Bukavu ambaye hajaona muto mukubwa namna hii. Tunaanzia Makiso, karibu na katedrali ya Notre-Dame du Rosaire, ambayo imejengwa karibu kabisa na muto. Tunapandisha ukingo kuelekea mashariki, muto ukiwa mukono wa kuume, mupaka commune ya Kisangani pale Wagenia wanapovua. Njia haina milima. Ni matembezi mepesi, ya mutu wa kila umri, kama tukiondoka asubuhi mapema mbele ya jua kali na kurudi mbele ya mvua ya muchana.

Juu ya nini muto unafikia hapa na kupiga kelele? Kutoka Ubundu mupaka Kisangani, mwendo wa karibu kilometa 100, muto unashuka jumla ya metre 60 hivi kwa maporomoko saba. La saba, la mwisho, ndilo lile la Wagenia. Mashua kubwa haiwezi kulipita. Ndiyo maana mwaka 1906 reli ya kilometa 125 ilikuwa imekwisha kuunganisha muji huu na Ubundu, ili mizigo izunguke maporomoko. Chini ya Kisangani, kinyume, muto unatulia, na meli inaweza kushuka mupaka Kinshasa, kilometa zaidi ya 1.700. Mugeni wetu wa Bukavu atakuwa amesimama mahali ambapo muto unabadili tabia. Watoto wafundishwe hayo njiani, mbele ya kufika, ili macho yao yajue yanachotafuta.

Sasa tuje kwenye kupanga kwenyewe. Watu wengi wakipanga wanahesabu kwanza franga, halafu saa, halafu chakula. Desturi inataka tuhesabu kwanza watu, na kati ya watu tuanze na yule wa mwisho. Nani ana goti bovu? Nani anaogopa mayi na anaona haya kusema? Mutoto gani hajui kuogelea? Mwendo wa kundi ni mwendo wa koko. Vijana wakitaka kukimbia, wakimbie na kurudi, lakini wasimufanye koko ajione muzigo. Mutu ukimualika halafu ukamuacha nyuma, hukumualika. Ulimuonyesha tu kama amezeeka.

Kuna pia jambo ambalo wapangaji wengi wanalisahau. Hizi sehemu mbili za safari, ya miguu na ya mutumbwi, hazilingani. Kwenye inchi kavu, anayechoka anakaa chini ya muembe. Anayeshindwa kabisa tunamupandisha motari au toleka, ile baisikeli ya kubeba watu iliyosaidia sana muji huu wakati magari yalikosekana. Kila mutu anatembea na miguu yake, na kosa la mumoja linabaki la mumoja. Lakini katikati ya mayi hakuna anayesema: "Mimi nashukia hapa." Mule ndani, watu kumi na wawili wana mwili mumoja. Mumoja akisimama kwa kupiga picha, wote wanayumba. Kwa hiyo anayepanga vizuri anaanzia kwenye mayi, halafu anarudi nyuma kupanga ya inchi kavu. Asifanye kinyume, watu wafike bichi wamechoka, saa imepita, mawingu yamekuja, na wote wanaona haya kurudi bila kupanda.

3. Tumefika mahali pa kazi ya mutu

Wale ambao hawajaona Wagenia, niwaeleze kidogo. Katikati ya maporomoko, juu ya mawe, kumesimamishwa miti mikubwa, imeshindiliwa kwenye mashimo ya mawe na kufungwa kwa kamba za porini. Kwenye miti hiyo kunaning'inia vikapu vikubwa vya kutegea samaki, mudomo mupana mbele, nyuma vyembamba. Mayi yenyewe yanasukuma samaki ndani, na nguvu ya mayi inamuzuia kutoka. Asubuhi na jioni wavuvi wanakwenda na mitumbwi kutazama vikapu. Mahali pa kutega si pa kila mutu: panarithiwa ndani ya jamaa. Na kila muti uliosimama pale unaonyesha kama kuna mutu aliyesimama ndani ya mayi yale makali kuusimamisha, na muto ukiupeleka, kuna mutu atakayerudi kuusimamisha tena.

Kwa macho ya mutembezi, ni kitu kizuri sana kutazama. Kwa mwenyewe, ni shamba lake. Na hapo ndipo ulizo letu linapokuwa gumu. Hebu geuza mambo. Uko ofisini, au darasani unafundisha, au uko jikoni unapika. Watu kumi na wawili wasiojulikana wanaingia, hawasalimu, wanatoa simu, wanakupiga picha, wanacheka kati yao kwa lugha yao, wanatoka. Kesho wengine. Utasema nini? Utasema kama hawana adabu, na utakuwa na haki. Sasa kwa nini jambo lililo ukosefu wa adabu ndani ya ofisi linageuka kuwa utalii ukingoni mwa muto?

Historia ya mahali hapa inatuonya. Mwezi wa 1 mwaka 1877, Henry Morton Stanley alipita kwenye maporomoko haya na bunduki, akipigana na wenye inchi, akivuta mitumbwi yake juu ya inchi kavu. Alikuwa mupitaji, haja yake ilikuwa kufika mbele. Na kwa muda mrefu nyuma yake, ramani za dunia ziliandika jina lake juu ya mayi ambayo watu walikuwa wakiyavua kabla hajazaliwa. Muji nao ukaitwa Stanleyville mupaka mwaka 1966, ukarudia Kisangani, jina ambalo wengi wanalieleza kwa neno kisanga, yaani kisiwa. Simulinganishe mwalimu anayetembeza watoto na mutu mwenye bunduki. Lakini tuone jinsi tabia moja inavyozaa nyingine: anayepita bila kusalimu anaanza kufikiri kama mahali hapana mwenyewe, na mahali pasipo mwenyewe mutu anapafanya anavyotaka.

Dawa yake ni ya zamani na haina gharama kubwa. Mutu mumoja wa kundi atangulie, hata siku moja mbele, aende kuuliza: nani muzee wa hapa, na nani anapokea wageni? Siku ya kufika, kundi lisimame kwanza. "Jambo sana, papa. Tuko batoto benu, tumekuja kubatembelea." Muone: kuwatembelea, si kutembea kwao. Kama kuna bei ya kuingia, iulizwe palepale mwanzoni, wote wakisikia, kwa sababu magomvi mengi ya wageni na wenyeji yanatoka kwenye bei iliyotajwa nyuma ya kazi. Picha iombwe. Yule anayekataa sura yake isichukuliwe, aachwe. Na watoto wapewe ruhusa ya kuuliza wavuvi maulizo: kamba hii ni ya muti gani, samaki huyu anaitwaje? Mutu anayeulizwa juu ya kazi yake anageuka mwalimu. Mutu anayepigwa picha tu anageuka kitu.

4. Ndani ya mutumbwi, nani mukubwa?

Tunapanda sasa. Wapiga kafi wa pale mara nyingi wanasimama, wanapiga kafi pamoja na kuimba, na mutumbwi unakata mayi kana kwamba hakuna nguvu inayoupinga. Nguvu iko. Ni wao wanaoijua. Na hapa desturi ya muto inageuza ukubwa wote wa inchi kavu. Kwenye inchi kavu, mwalimu ni mukubwa wa mwanafunzi, mwenye diploma anasikilizwa, mwenye franga anaamuru. Ndani ya mutumbwi mukubwa ni mumoja tu: yule anayejua mayi. Hata kama ni kijana wa miaka ishirini mwenye kaptula iliyochanika, akisema "Papa, ikala chini," papa anakaa chini.

Jambo hilo ni rahisi kukubali mayi yakiwa mema. Shida inaanza pale anaposema: "Leo hapana. Mayi iko nguvu, na upepo inakuja." Kundi limetoka mbali. Mugeni wa Bukavu anarudi kesho. Watoto wako karibu kulia. Kila mutu anajua sauti zinazotoka wakati huo: "Kaka, fanya mupango." "Tutakuongeza." "Juzi si ulivusha wengine?" Na mara nyingi, ndugu wasomaji, yule kijana anakubali. Anakubali si kwa sababu mayi yamebadilika. Anakubali kwa sababu nyumbani kuna watoto wanaongoja unga.

Ni vilevile kwa hesabu ya watu. Tunaambiwa mutumbwi huu ni wa watu wanane. Sisi ni kumi na wawili. Mitumbwi miwili ni bei mara mbili. Tunasema: "Hawa ni batoto, hawana kilo." Tunabishana, tunashinda, tunapanda wote. Tumeokoa franga kidogo. Siku ikienda vizuri tutasifu akili yetu ya kubishana. Siku ikienda vibaya tutasema: mwenye mutumbwi alijaza watu, juu ya tamaa yake.

Hapa nataka tusimame, maana hapa ndipo naona kiini cha jambo lote. Ni nani aliyejaza mutumbwi ule?

Sheria itamutazama mwenye chombo, na ni haki imutazame. Lakini adabu inaona mbali zaidi. Ile "ndiyo" ya mutu mwenye njaa si "ndiyo" kamili. Ukimupa masikini uchague kati ya hatari ya kesho na njaa ya leo, na wewe ukapata raha kwa uchaguzi wake, huwezi kunawa mikono ukisema alikubali mwenyewe. Franga yetu ndiyo iliyojaza mutumbwi. Yeye alishika kafi tu.

Na tupime tofauti ya wasafiri. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama kwenye ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama toka inchi kavu. Wengi walikufa. Waliokuwa ndani walipanda kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na vita, na maisha yanataka watu wafike sokoni, wafike hospitali, wafike kwa jamaa. Walikuwa na haja. Mama anayevuka kila siku toka Lubunga na muhogo wake kuja kuuza Makiso ana haja. Akipanda mutumbwi uliojaa, nani atamuhukumu? Akingoja wa pili, soko limekwisha.

Lakini sisi wa matembezi, haja yetu ni nini? Tunaweza kurudi nyumbani, kunywa chai, na kuja siku ingine. Hatupotezi soko, hatupotezi mugonjwa. Kwa hiyo sababu inayomupunguzia mama wa Lubunga lawama inatuongezea sisi. Watu wengi wanafikiri kinyume: kama ni raha tu, basi tusiwe wakali, tuko tunacheza. Mimi nasema hivi: anayesafiri kwa raha ana deni kubwa kuliko anayesafiri kwa haja, kwa sababu yeye ndiye mwenye uhuru wa kusema hapana. Uhuru ndio unaozaa deni. Mwenye kuweza kungoja, angoje.

5. Maneno ya wanaopinga

Kuna wanaosema: "Tukilipa, tumemaliza. Wale wanauza, sisi tunanunua." Ni kweli kama malipo ni ya lazima, na tena yawe ya haki. Lakini malipo yanalipa kazi ya mikono na saa za mutu. Hayalipi heshima yake, wala hayanunui akili yake ya mayi ili tuitupe pembeni. Ukimulipa munganga halafu ukamulazimisha akupe dawa unayotaka wewe, hukununua uganga. Ulinunua ajali yako. Njia nzuri ni moja: kupatana mwanzoni kama, mwenye mutumbwi akisema leo hapana, atapata sehemu ya malipo yake kwa kuja kwake na kwa ukweli wake. Hapo tumemupa nguvu ya kusema kweli. Bila hiyo, tunamuomba ukweli huku tukimuazibu kwa kuusema.

Wengine wanasema: "Promenadi ni mambo ya Wazungu na ya matajiri. Inchi ina shida nyingi, ninyi mnapanga kutazama mayi!" Neno hili siwezi kulikubali. Wakaaji wa Kisangani hawajasahau siku sita za mwezi wa 6 mwaka 2000, toka tarehe 5 mupaka tarehe 10, wakati majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana ndani ya muji na mabomu kuangukia nyumba za watu. Siku zile hakuna aliyetembea. Watu walilala chini ya vitanda, walikimbia wakiinama. Muji uliopita pale unajua kama kutembea pole pole, mukono wa mutoto ndani ya mukono wako, bila kusikiliza angani, si kitu cha matajiri. Ni alama ya amani. Mutoto anayekua kando ya muto huu bila kuujua anaibiwa urithi wake. Kwa hiyo simwambii mutu aache raha. Namwambia aibebe kama mutu anavyobeba chungu kilichojaa.

Wa tatu wanasema: "Wenyeji wenyewe wanapenda franga tu. Ukiwasalimu wanakuongezea bei." Inawezekana kwa mumoja au wawili. Lakini tujiulize nani aliyewafundisha. Wageni wa miaka na miaka waliopita bila salamu, wakachukua walichotaka na simu zao, waliwafundisha kama mugeni ni mutu wa kukamuliwa mbele hajaondoka. Salamu moja haitafuta somo la miaka. Salamu ya kila kundi, mwaka hata mwaka, inaweza. Methali inasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji anapona kwa mugeni anayeleta kitu, na kitu cha kwanza cha kuleta ni kumujua kama ni mutu.

6. Kwa yule anayepanga

Basi kwa mwalimu, kwa mukubwa wa jamaa, kwa kijana wa chama anayeandikisha majina ya matembezi, nafupisha hivi.

Uliza kwanza: tunakwenda kwa nani? Kama hujui, hujamaliza kupanga. Tuma mutu mbele akasalimu. Weka mwendo wa kundi kwenye miguu ya yule wa mwisho. Hesabu watu wa mutumbwi ukiwa bado nyumbani, na bei ya mitumbwi miwili uiweke ndani ya muchango toka mwanzo, ili musibishane na hatari mukiwa tayari bichini. Uliza kama kuna jile za kuelea, na watoto wavae wao kwanza. Kama hazitoshi, wasiovaa wabaki ukingoni na mutu muzima mumoja, na matembezi yao yawe ya miguu tu; haiko haya. Umutafute mwenye mutumbwi anayejulikana kwa kukataa, usimutafute anayejulikana kwa bei ya chini. Na mbele ya siku yenyewe waambie wote, wadogo na wakubwa: tunaweza kufika na tusipande. Mutu aliyeambiwa mapema hatalia sana.

Na kama ikitokea hivyo, mukafika na mayi yakakataa, musihesabu siku kuwa imepotea. Kaeni na wavuvi juu ya mawe. Koko apumzishe goti lake. Mugeni wa Bukavu aulize samaki wa hapa na kuwalinganisha na sambaza wa kwao. Watoto watazame kamba zinavyofungwa, na waone kwa macho yao walimu wao wakimutii kijana wa kafi. Somo hilo hawatalipata darasani, na siku moja, wakiwa wao wenyewe na franga mukononi na kijana mwingine mbele yao anayesema "Leo hapana", huenda litaokoa mutu.

Tukirudi kwenye methali zetu mbili, zote zinabaki kweli. Anayetembea peke ya raha yake, bila kusalimu, bila kungoja, bila kusikiliza, huyo anakula miguu yake, na wakati mwingine anakula na ya wengine. Anayetembea akijua kama yuko anatembelea, huyo hatembei bure, hata siku ambayo hakuvuka.